Tochi ikae wazi

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza vifaa vya kufuatilia mwendo wa magari: VTS za mabasi (vifaa vinavyorekodi na kutuma mwendo wa basi), vidhibiti mwendo vya malori, GPS za magari ya kampuni. Sehemu kubwa ya siku naimalizia mbele ya skrini nikisoma grafu, na grafu hizo ndizo zilizonifikisha kwenye msimamo huu: tochi, yaani kifaa cha trafiki cha kupima mwendo wa gari, ikifichwa kichakani inakamata madereva wengi bila kupunguza mwendo barabarani, na tochi inayoonekana inakamata wachache lakini inaokoa watu. Mimi naitaka hiyo ya pili.

Chukua basi lolote linalotoka Dar kwenda Morogoro. Mwendo wake kwenye skrini ni mstari unaopanda na kushuka. Penye tuta mstari unazama karibu na sifuri, kisha unapanda taratibu. Penye kibao cha 50 ambacho madereva wanakiheshimu, unashuka mapema na kukaa chini mpaka makazi yaishe. Penye tochi ya kujificha mambo ni mengine kabisa. Mstari uko 80, ghafla unakatika hadi 47 au 48, unakaa hapo mita mia mbili tatu, halafu unaruka juu kuliko ulivyokuwa mwanzo. Dereva amepigwa taa na mwenzake anayetoka mbele, amekanyaga breki, amempita trafiki, na sasa anafidia dakika alizopoteza. Ikiwa shule iko kilomita moja baada ya pale, watoto wake wanavuka barabara mbele ya gari linalokwenda kasi kuliko wakati mwingine wowote wa safari.

Na kasi si suala la kubishania. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka 50 kwenye makazi, na magari yenye uzito unaozidi tani tatu na nusu hayaruhusiwi kupita 80 popote. Tufanye hesabu. Gari dogo lenye breki nzima, kwenye lami kavu, dereva wake anachukua kama sekunde moja kuona hatari na kukanyaga. Akiwa na 50, gari linasimama baada ya mita 28 hivi. Akiwa na 80, mita 22 zinaisha kabla mguu haujagusa breki. Pale ambapo gari la kwanza limeshasimama kabisa, la pili bado lina zaidi ya 70. Mtoto aliyesimama kwenye mita ya 28 anaponea gari la kwanza kwa nukta, na la pili linamgonga kwa nguvu ambayo mwili wa binadamu hauihimili. Kwa hiyo sitetei mwendo kasi. Nagombana na njia inayotumika kuuzuia.

Nieleze kwanza tochi yenyewe, maana porojo ni nyingi. Zipo za aina mbili. Ya rada inatuma mawimbi, yanagonga gari na kurudi yakiwa yamebadilika kidogo, na kadiri gari linavyokwenda kasi ndivyo badiliko linavyokuwa kubwa. Ya leza inatuma vipigo vya mwanga usioonekana kwa macho na kupima kila kimoja kimechukua muda gani kwenda na kurudi. Inatuma mamia ya vipigo ndani ya sehemu ya sekunde, inalinganisha umbali uliopungua kati ya kimoja na kingine, na mwendo unapatikana. Mwale wa rada unatanuka, hivyo kwenye mita 300 unaweza kufunika upana wote wa barabara na kuchanganya gari lako na lori linalokufuata. Mwale wa leza kwenye umbali huohuo una upana wa takriban mita moja. Ukisimamishwa, swali la maana ni aina ya kifaa na lini kilihakikiwa mara ya mwisho.

Lile lalamiko la kwamba trafiki alisimama pembeni mno ndiyo maana tochi ikazidisha, liacheni. Pembe inafanya kinyume. Kifaa kinapima kasi ambayo gari linakikaribia chenyewe, si kasi yake kwenye mstari wa barabara. Trafiki akiwa ameingia pembeni kwa nyuzi 20, gari lenye 60 litasomeka 56. Kujificha mbali na barabara kunamnufaisha dereva kwenye namba, na ni sababu ya kifundi kabisa ya kumtaka askari asogee barabarani aonekane.

Mchezo huu wa kujificha na kuonyana ni wa zamani kuliko wengi wanavyofikiri. Uingereza iliweka kikomo cha maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32, kwa sheria ya mwaka 1903. Polisi wakajibanza nyuma ya ua wa miti wakiwa na saa za kupimia sekunde, wakipima muda gari linaotumia kati ya alama mbili. Mwaka 1905 wenye magari wakaanzisha Automobile Association, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuweka vijana wa baiskeli barabarani wawaonye wanachama. Mahakama ikaamua mwaka 1910 kwamba kumwonya dereva anayevunja sheria kunaweza kuwa kosa la kumzuia polisi kufanya kazi yake. Chama kikabadili mtindo: mlinzi wa doria alizoea kumpigia saluti kila mwanachama mwenye beji kwenye gari, na mwanachama akipita bila kupigiwa saluti anajua asimame aulize kuna nini. Hakuna mahakama inayoweza kumshitaki mtu kwa saluti ambayo hakupiga. Ndiyo hizi taa tunazowashiana leo kuanzia Chalinze hadi Tunduma.

Kila polisi walipoongeza kujificha, soko lilijibu kwa bidhaa. Marekani madereva walinunua vifaa vya kunusa mawimbi ya rada, jimbo la Virginia likavipiga marufuku, na polisi wakanunua vifaa vya kunusa hivyo vya kunusia. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na simu. Mwezi Februari 2019 polisi wa New York waliiandikia Google wakitaka programu yake ya ramani, Waze, iache kuonyesha vituo vya kupima ulevi. Hapo mimi nasimama upande wa polisi, na tofauti nataka ieleweke vizuri. Dereva anayeonywa kuhusu tochi anapunguza mwendo, na kupunguza mwendo ndicho tulichokuwa tunakitaka. Dereva mlevi anayeonywa kuhusu kipimo hapunguzi ulevi. Anakata kona, anaingia mtaani kwa watu kupitia njia ya vumbi isiyo na taa, na hatari tumeihamisha tu. Onyo la kwanza linatimiza lengo la sheria na la pili linaliua. Wanaotetea kuwashiana taa kwa ujumla, na wanaolaani kwa ujumla, wote wanaikosa hoja hii.

Wafaransa ndio walionifungua macho. Walianza kuweka kamera za barabarani zinazojiendesha mwaka 2003, baada ya mwaka 2002 ambao zaidi ya watu 7,000 walikufa kwenye barabara zao. Kufikia 2012 vifo vilikuwa chini ya 4,000. Sababu zilikuwa nyingi, ukiwemo ukali dhidi ya ulevi, lakini kamera zilikuwa sehemu kubwa ya mabadiliko hayo. Wakati huohuo madereva walikuwa wakinunua kwa wingi vifaa vya kuwaonya, maarufu kikiwa cha kampuni ya Coyote. Serikali ilipokataza mwaka 2012 kuonyesha mahali hasa kamera ilipo, haikuviua vifaa hivyo. Ilikubaliana na wauzaji vionyeshe “eneo la hatari”: mita 300 mjini, kilomita 2 kwenye barabara za kawaida, kilomita 4 kwenye barabara kuu za kasi. Eneo linaweza kuwa na kamera au lisiwe nayo. Mnunuzi akabaki na kifaa chake, na badala ya kupunguza mwendo kwa mita mia mbili akawa na sababu ya kupunguza kwa kilomita kadhaa. Tamaa ya kukwepa faini imegeuzwa ikalinda maisha. Hilo linawezekana hapa kesho asubuhi, maana kila dereva wa masafa ana simu janja na kundi la WhatsApp.

Sasa nije kwetu tunaonunua. Panda Noah au IST yoyote iliyotoka Japani, tazama dashibodi: namba zinaishia 180. Hiyo ni kawaida iliyotokana na makubaliano ya watengenezaji wa kule, kwamba magari ya soko la nyumbani yasizidi mwendo huo. Miaka ya 1970 na 1980 magari mengi ya Japani yaliwekwa hata kengele iliyolia dereva akipita kilomita 100 na kitu kwa saa, baadaye ikaondolewa. Kengele hiyo imerudi kwa sura nyingine Ulaya, ambako tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa lazima liwe na mfumo unaotambua kikomo cha barabara na kumwonya dereva. Kwa hiyo teknolojia ya kuzuia kasi ipo ndani ya gari lenyewe miaka yote. Mnunuzi ndiye huwa haitaki.

Naliona hili karakana. VTS ninayoifunga kwenye basi ina kisoma-kitufe: dereva anagusisha kitufe chake cha chuma, kidogo kama betri ya saa, na kuanzia hapo kila kilomita inaandikwa kwa jina lake. Akizidisha mwendo, baza inalia kwenye usukani na taarifa inakwenda LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini. Wapo wamiliki wanaoniomba niikate waya baza, wakisema inasumbua abiria. Nawakatalia. Nimewahi kukuta kitufe cha dereva mmoja kimeachwa kwenye gari kitumiwe na mwingine, ili rekodi ionyeshe mtu aliyelala kumbe anayeendesha hajapumzika tangu jana. Tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku mwaka 2023, kitufe hicho kina uzito mkubwa kuliko tochi yoyote, kwa sababu usiku uchovu unaua sawa na kasi.

Lakini abiria nao wamo. Tunachagua basi kwa kuulizana lipi linatembea. Kondakta anajua kwamba basi likifika Mbeya saa moja baada ya jirani yake, wiki ijayo viti vitakuwa vitupu. Baza inalia, na anayepiga kelele kwamba izimwe ni yule wa siti ya nyuma mwenye watoto wawili. Tunanunua kasi pamoja na tiketi, kisha ajali ikitokea tunauliza trafiki walikuwa wapi. Kenya waliliona hili mwaka 2004 kwa kanuni za waziri John Michuki: matatu zikafungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80, mikanda kwa kila kiti, mstari wa njano ubavuni. Barabara zilitulia ghafla. Kisha vidhibiti vikaanza kuchezewa, kwa sababu abiria aliyekuwa ndani alitaka kuwahi na hakuna aliyekuwa anasoma rekodi.

Mimi ningeanza na rekodi tulizonazo tayari. Lori na basi la njia ya Morogoro vinapita mizani ya Vigwaza na ile ya Mikese, na muda wa kupima unajulikana. Gawanya umbali kwa muda, toa mapumziko, na gari lililokimbia linajulikana bila mtu kujificha popote. Waingereza wana kamera za namna hiyo tangu 1999, zinazosoma namba ya gari mwanzoni na mwishoni mwa kipande cha barabara. Kilomita 30 kwa dakika 22 na nusu ni wastani wa 80; ukitumia 18, umekwenda 100. Dereva hawezi kumdanganya mtu kwa kukanyaga breki mara mbili. Anayetaka kufika bila faini hana njia nyingine zaidi ya kwenda mwendo halali kipande chote, na kamera zenyewe zinatangulizwa na vibao ili kila mtu ajue anapimwa.

Kwa magari madogo, tochi ikae wazi mbele ya shule, zahanati na masoko, askari akiwa na koti lake la kung'aa na kibao mita mia kadhaa kabla yake. Faini ya 30,000 ibaki ilivyo. Picha ya tochi ambayo askari anamrushia kwa simu mwenzake wa mbele ionyeshe tarehe, mahali, mwendo na namba ya kifaa, na dereva apewe haki ya kuiona vizuri kabla ya kulipa. Jeshi la Polisi litangaze kila mwezi ni faini ngapi zimetoka kila eneo na ni ajali ngapi zimetokea hapohapo. Eneo lenye faini nyingi kila mwezi na ajali zisizopungua linahitaji tuta au kivuko, na fedha za kulijenga zinajulikana zilipo.

Na kabla ya yote hayo, kuna kazi ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, ambayo haihitaji teknolojia yoyote. Kibao cha 50 kina mwenzake chenye mistari ya kukata kinachosema hapa ndipo mwisho. Vya kuanzia vipo karibu kila kijiji. Vya kumalizia vingi vimeng'olewa au vimegongwa, na ugomvi mwingi wa tochi ninaoletewa na wateja wangu, nikifungua grafu na ramani kuona gari lilikuwa wapi, umetokea kwenye kipande hicho baada ya nyumba za mwisho, ambapo dereva anaamini ameshatoka na trafiki anaamini bado yumo. Virudishwe.