Dawa za hataza hazikuwa na hataza

Wengi huamini kwamba zile "dawa za hataza" (patent medicines) walizouziwa walowezi wa Australia karne ya 19 zilikuwa na hataza kweli, yaani haki ya kisheria anayopewa mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, na kwamba zilikaguliwa na serikali. Sivyo. Hataza humtaka mvumbuzi aeleze kazi yake waziwazi. Hugh McKay wa Australia alipopata hataza ya mashine yake ya kuvuna ngano mwaka 1885, ilibidi aeleze inavyofanya kazi. Muuza dawa alitaka siri. Alicholinda ni jina na chapa tu. Neno lenyewe la Kiingereza, "patent", ni masalio ya barua za upendeleo za wafalme wa Uingereza.

Huko Uingereza, kilichopotosha watu zaidi, naona, ni stempu. Tangu 1783 dawa hizo zilitozwa kodi, na stempu ikabandikwa juu ya kifuniko, hufungui mpaka uichane. Mnunuzi akiona nembo ya serikali alidhani ni idhini, kumbe ni alama ya kodi iliyolipwa. Baadaye stempu zikachapwa maneno kwamba serikali haidhamini dawa. Na dawa zenyewe? Vidonge vya Holloway, dawa ya aina hiyo kutoka Uingereza vilivyotangazwa hadi makoloni ya mbali, vilipochunguzwa vilikutwa na shubiri, tangawizi na sabuni.