Mpaka wa Katuna Umefunguliwa, Sheria za Forodha Bado Zipo

Malalamiko ya wafanyabiashara wadogo wa Kabale na Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, yanazidi kufika kwenye kaunta za forodha, na mengi yana mzizi mmoja: watu wanaamini kwamba Uganda na Rwanda zilipopatana, ushuru na ukaguzi navyo viliisha. Havikuisha.

Upatanisho wenyewe ni wa kweli, na sisi tunaofanya kazi ya forodha upande wa Uganda tunaujua uzito wake. Rwanda ilifunga Gatuna, yaani upande wake wa mpaka wa Katuna, mwishoni mwa Februari 2019. Kigali ililalamika kwamba raia wake wanakamatwa na kuteswa Uganda na kwamba wapinzani wake wanasaidiwa. Kampala nayo ikalalamikia ujasusi wa Rwanda. Tarehe 21 Agosti mwaka huohuo, Marais Museveni na Kagame walitia saini makubaliano mjini Luanda, mbele ya João Lourenço wa Angola na Félix Tshisekedi wa Kongo. Lango halikufunguka. Mauzo yetu Rwanda yalikaribia kukoma, na wapo waliopita njia za panya wakauawa kwa risasi.

Januari 2022 Jenerali Muhoozi Kainerugaba, mwana wa Museveni, alikwenda Kigali, na tarehe 31 Gatuna ikafunguliwa. Wasafiri wa kawaida walisubiri hadi 7 Machi. Aprili Kagame alikuja Uganda, na Juni Museveni akaenda Kigali kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Imani iliyojengwa kwa taabu hivyo hutiwa doa na kila mzigo wa magendo unaonaswa upande wa pili, kwa sababu huko hautazamwi kama biashara tu.

Basi tuelewane kuhusu utaratibu. Mfanyabiashara mdogo ana nafuu yake tayari: cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kinachotolewa mpakani bila malipo na bila wakala wa forodha. Mzigo usizidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, bidhaa iwe imezalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Cheti hicho huondoa ushuru wa forodha. Hakiondoi kodi nyingine za ndani, wala hakichukui nafasi ya cheti cha afya ya mimea au mifugo. Mitumba haipiti kwa cheti hiki hata ukiinunua Kampala, maana haikuzalishwa kwetu, na Rwanda iliipandishia ushuru tangu 2016. Tena, mzigo wa dola 6,000 ukigawiwa wabebaji watatu unabaki mzigo mmoja. Tumelieleza hili mara nyingi mno.

Adhabu zimo katika Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Anayepatikana na hatia ya magendo anaweza kufungwa hadi miaka mitano, au kutozwa faini ya nusu ya thamani ya bidhaa inayotumika kukokotoa ushuru, au vyote viwili. Bidhaa hutaifishwa. Chombo kilichozibeba, iwe lori au bodaboda, nacho kinaweza kutaifishwa, na mwenye boda asidhani kusema "mzigo si wangu" kutamwokoa.

Yapo pia yanayokatazwa na Rwanda yenyewe, ambayo sisi hatuna uwezo wa kuyaombea msamaha. Kaveera, yaani mifuko ya plastiki, ilipigwa marufuku huko tangu 2008. Waragi ya kienyeji, pombe kali ambayo huko wanaiita kanyanga, huhesabiwa pamoja na dawa za kulevya.

Kwa usafiri, kitambulisho cha taifa kinatosha kati ya Uganda, Rwanda na Kenya tangu 2014, lakini kiwe halisi na kiwe hai. Nakala na picha ya simu havikubaliki. Vitambulisho vingi vya mwanzo vilitolewa kwa miaka kumi, hivyo soma tarehe kabla ya kupanda gari. Mtoto asiye na kitambulisho anahitaji hati yake ya kusafiria.

Katuna ni kituo cha pamoja: taratibu za kutoka na za kuingia hukamilishwa katika nchi unayoingia. Anayekwenda Rwanda atawakuta maofisa wetu upande wa Gatuna.

Ukilipa chochote, dai risiti palepale. Ukiombwa fedha zisizo na risiti, usilipe. Mwone msimamizi wa zamu kabla hujaondoka kituoni, wakati mzigo wako bado upo na ofisa husika bado yupo.