Uanachama wa meli na kabini nzuri: tuelewane leo

Jumanne asubuhi, kabla sijafungua hata dirisha la ofisi hapa Dodoma karibu na Nyerere Square, simu ikaita. "Mbukwa, mwanangu." Ni mama yangu mmoja wa mtaa wa Kikuyu, mwalimu mstaafu, ambaye safari zake mbili za baharini nimempangia mimi. "Nataka ile ya Durban tena. Ila safari hii nikatie kabini ya ndani, ya bei ndogo. Si nimeshakuwa mwanachama? Watanihamishia wenyewe kwenye ya balkoni."

Ni mtu wa nne kuniambia hivyo tangu mwaka uanze. Kila mmoja kaambiwa na mtu ambaye naye aliambiwa. Naandika ili wa tano nimtumie kiungo.

Uanachama wa klabu za wasafiri za kampuni za meli una faida, sibishi. Ni bure. Mwanachama wa MSC, kampuni ya meli za kitalii, anapata punguzo la asilimia 5 kwenye nauli, na MSC hao hao hukubali kukulinganishia ngazi uliyofikia kwenye kampuni nyingine ya meli au hata hoteli. Kampuni ya Princess wanakufulia nguo bure ukifika Elite, ngazi ya waliosafiri nao mara nyingi. Kuna foleni fupi ya kupandia, kuna vinywaji. Chukueni vyote. Lakini soma orodha hiyo tena unioneshe ni wapi pameandikwa kwamba ukirudi mara ya tatu unapewa chumba ambacho hukukilipia.

Hesabu yenyewe inachosha. Royal Caribbean wanakupa pointi moja kwa kila usiku, mbili ukilala suti, yaani chumba cha kifahari. Ngazi ya Diamond, ambako ndiko vinywaji vya kila siku vinaanzia, ni pointi 80. Mtu anayekwenda wiki moja kila mwaka kwa kabini ya kawaida ataifikia safari ya kumi na mbili. Pinnacle, ngazi yao ya juu kabisa, ni pointi 700, wiki 100 baharini. Na kanuni hubadilishwa ukiwa njiani: Carnival walitangaza mwaka 2025 kwamba wataacha kuhesabu siku, wahesabu fedha unazotumia.

Tangu treni ya umeme ianze kuja Dodoma mwaka 2024, nina wateja wanaoshuka Dar kila Ijumaa daraja la kawaida. Hakuna hata mmoja anayekaa akisubiri kuhamishiwa behewa la royal kwa sababu wahudumu wameshamzoea sura. Kwenye meli akili hiyo inapotelea wapi?

Watu kupandishwa wanapandishwa, ni kweli, na sababu ni ya kibiashara. Kabini za bei ndogo hujaa mapema na wanaozitaka hawaishi. Kampuni inaendelea kuziuza, kisha inawasogeza juu baadhi ya waliokata garantii, yaani waliolipia aina ya kabini bila kuchagua namba, ili zile za chini ziuzwe tena. Je, ngazi yako ya uanachama inaongeza uzito hapo? Kampuni hazisemi. Nimeona mgeni wa safari ya kwanza akipandishwa na mwanachama wa miaka akaachwa, nimeona na kinyume chake. Wakala akiniapia kwamba anaijua kanuni, simwamini.

Ila kinachonikera zaidi ni hilo neno "kupandishwa". Mwaka juzi mume na mke wa hapa mjini walikuwa na kabini ya ndani niliyowachagulia mwenyewe, katikati ya meli, juu vyumba na chini vyumba. Kampuni, ambayo jina lake silitaji, ikawatumia barua pepe ya kuwakaribisha waweke dau, yaani wataje kiasi watakachoongeza, wapate balkoni. Wakaweka bila kunishirikisha. Dau likakubaliwa, kadi ikakatwa mara mbili ya walivyotegemea, kwa kuwa kiasi kinachoandikwa pale ni cha kila mtu, si cha chumba, na likishakubaliwa halirudi. Kabini waliyopewa ilikuwa moja kwa moja chini ya deki ya bwawa la kuogelea. Alfajiri viti vinaburutwa, usiku muziki. Yule mke alilala siku nne na pamba masikioni, akiikumbuka ile ya kwanza. Kwenye karatasi wale walipandishwa. Ukiweka dau hivyo unanunua aina ya kabini tu. Mahali ilipo wanachagua wao, na ile uliyoipenda umeiachia.

Mahali ilipo ndiko uzuri wa kabini uliko. Meli ikikutana na wimbi inakwenda kama ubao wa watoto uliowekwa juu ya gogo: ncha zinapanda na kushuka, katikati panatulia. Inapoyumba ubavu kwa ubavu, aliye juu ndiye anayebebwa zaidi. Watu wa pwani wanasema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wanaitumia kumkumbusha mtu kwao, lakini mimi naisikia pia kama shauri la kabini, maana ngama iko chini, tumboni mwa chombo. Huko omoni, yaani mbele ya chombo, kuna jambo jingine: asubuhi meli inapofika, mnyororo wa nanga unateremshwa karibu na kitanda chako, na yale mapangaboi ya pembeni yanayoisogeza meli gatini yanatikisa hadi glasi za chooni.

Kwa hiyo fungua ramani ya deki, angalia kabini unayoitaka, kisha angalia deki ya juu yake na ya chini yake. Ukiona vyumba pande zote mbili, kata. Ukiona ukumbi, jiko, bwawa, au sehemu nyeupe isiyoandikwa kitu, ambayo mara nyingi ni ya wafanyakazi, achana nayo. Kama kuna alama ya mlango wa kuunganisha vyumba, jua utasikia maongezi ya jirani. Balkoni ya bei rahisi ajabu, uliza boti ya kuokolea watu imening'inia wapi.

Hapa kuna ushauri wangu mmoja ninaoutilia shaka. Mtu anayeugua bahari huwa nampeleka katikati na chini, lakini kabini ya ndani haina dirisha la kumwonesha upeo, na wapo wanaotapika kwa sababu hiyo tu. Siku hizi nawaambia walipie dirisha hata kama si balkoni. Nimekosea mara mbili.

Kwa wanaokwenda Durban na MSC, ambao ndio wengi wangu, jambo ni jepesi: nauli ya Bella ni ya bei ya chini na kabini wanakupangia wao, Fantastica unachagua mwenyewe. Tofauti ya nauli hizo mbili ndiyo bei halisi ya kabini nzuri. Na kama ulikosa namba uliyoitaka, nipigie tena wakati tarehe ya malipo ya mwisho inapopita, miezi miwili, mitatu au zaidi kabla ya safari kutegemea kampuni, kwa sababu walioshindwa kumalizia wanaziachia.

Yule mama nilimwita ofisini Alhamisi. Tuliifungua ramani kwenye kompyuta, akavaa miwani, akaipitia deki baada ya deki kama anasahihisha madaftari. Akaniuliza kwa nini miaka yote sikumwonesha. Alichagua yenye dirisha, katikati, deki ya chini, akalipa kwa punguzo lake la mwanachama, akaiandika namba ya kabini nyuma ya pasipoti kwa penseli. Nikamwambia aifute.