Je, wajua kwa nini Asda iliinunua Netto kisha ikalifuta jina lake?

Pauni milioni 778 kwa maduka 193. Gawanya, utapata pauni milioni 4 na ushee kwa kila duka. Mwaka 2010 Asda, supamaketi kubwa ya Uingereza iliyokuwa mali ya Walmart ya Marekani, ilikubali kulipa fedha hizo kwa maduka ya Netto nchini humo. Halafu ikayaondoa mabango ya njano yenye kijibwa cheusi kilichong'ata kikapu, ikatundika ya kwake. Sasa ilinunua nini?

Netto ilizaliwa Copenhagen, Denmark, mwaka 1981, na ikaingia Uingereza mwaka 1990 kupitia mji wa Leeds. Ndani hakukuwa na mapambo. Bidhaa zilibaki kwenye katoni zilizokatwa upande wa mbele, katoni zenyewe zimepangwa juu ya chaga. Ukitaka jemu, hukuti aina ishirini. Na hapo ndipo unafuu wa bei unapotoka: anayeagiza aina chache kwa wingi hupata bei nzuri kiwandani, na duka lake huendeshwa na watu wachache. Supamaketi kubwa hupanga makumi ya maelfu ya bidhaa, na kila moja inataka nafasi ghalani na mtu wa kuipanga.

Asda haikuuhitaji ujuzi huo. Ilichotaka ni viwanja. Kujenga supamaketi mpya Uingereza kunahitaji kibali cha mipango miji, na kibali hicho chaweza kusumbua miaka. Nguvu ya Asda ilikuwa kwenye majengo makubwa yenye maegesho mapana. Ilipungukiwa na maduka madogo yaliyo karibu na makazi ya watu. Netto ilikuwa nayo tayari, ya wastani wa mita za mraba 750. Ni kama mtu anayenunua ng'ombe kwa sababu amelipenda zizi.

Hata hivyo Asda haikuyapata maduka yote. Mamlaka ya ushindani iliona kwamba katika baadhi ya maeneo wateja wangebaki na chaguo finyu mno, ikamtaka mnunuzi auze maduka 47.

Wenye Netto nao walikuwa na sababu ya kuuza. Miaka ishirini sokoni, na sehemu yao bado ni chini ya asilimia 1. Bei waliyopewa ilikuwa nono. Kosa lao, kwa maoni yangu, lilikuwa la wakati: miaka michache baadaye Aldi na Lidl, maduka ya Kijerumani yenye mtindo uleule wa kuuza, walianza kuwanyang'anya wakubwa wateja.

Netto ikataka kurudi. Mwaka 2014 iliingia ubia na Sainsbury's, mshindani wa Asda, kila upande ukitoa pauni milioni 12.5, na duka la kwanza likafunguliwa, tena, Leeds. Lakini biashara ya bei ya chini haiendi kwa maduka 16. Bila wingi huna sauti mbele ya mwenye kiwanda, na viwanja vilikuwa adimu kuliko awali, vingine vikiwa na bango la Asda. Mwaka 2016 yote yakafungwa.

Kampuni mama ya Netto iligeukia kwingine. Mwaka 2020 ilikubali kununua maduka 301 ya Tesco, supamaketi ya Uingereza, nchini Poland, na safari hii mabango yaliyoshushwa yalikuwa ya Waingereza.