Uzamili wa isimu ni kusomea nini hasa?

Ukisema unasoma shahada ya uzamili ya isimu, swali la kwanza utakaloulizwa ni: "Kwa hiyo unajua lugha ngapi?" Swali lenyewe halina ubaya, ila limekosea mlango. Isimu huchunguza jinsi lugha ilivyoundwa na inavyofanya kazi: sauti, maneno, sentensi, maana, na watumiaji wake. Mtu anaweza kuhitimu akiwa na lugha mbili tu, na mkalimani wa lugha sita akaanguka mtihani wa fonolojia, yaani somo la mfumo wa sauti za lugha.

Uzamili, au umahiri kama wengi wanavyoiita Dar es Salaam, huja baada ya shahada ya kwanza na kabla ya uzamivu (PhD). Kwa kawaida ni kama miaka miwili: madarasa kwanza, kisha tasnifu chini ya msimamizi. Tofauti kubwa na shahada ya kwanza ni kwamba huku hupewi kanuni uikariri, unaulizwa kwa nini kanuni inachechemea.

Chukua "rafiki yangu amefika". Kitenzi kimechukua a-, kama mtu yeyote anavyostahili, lakini kimilikishi, neno linaloonyesha ni wa nani, ni yangu, si wangu. Ndivyo tusemavyo pia ndugu yangu, jirani yangu, adui yangu. Mbona basi daktari wangu na paka wangu? Tusikimbilie kusema ni maneno ya mkopo: ndugu ni la Kibantu, na jirani na daktari yote yamekopwa. Labda ni ukoo? Adui si ukoo. Labda ni majina ya uhusiano, maana hakuna awaye jirani bila mwenzake, ilhali daktari ni daktari hata akikaa peke yake. Hapo mtafiti anaanza kutabasamu, mpaka akumbuke bosi wangu. Anarudi mezani.

Huo ndio uzamili. Na haitoshi kusema "mimi mzawa, najua". Anahitaji data: rekodi za mazungumzo, wasemaji wa rika na maeneo tofauti (Unguja, Mombasa, Nairobi), pamoja na wanaosema "rafiki wangu" bila wasiwasi wowote. Kuwaita hao wakosaji si matokeo ya utafiti.

Falsafa inaingia kwenye maana. Mwaka 1892 mwanafalsafa Mjerumani Gottlob Frege aliuliza: ikiwa nyota ya alfajiri na nyota ya jioni zote ni sayari ya Zuhura, mbona kusema "nyota ya alfajiri ndiyo nyota ya jioni" kunatupa habari, na "Zuhura ni Zuhura" hakutupi chochote? Jibu lake, kwamba kile jina linachokitaja si sawa na namna linavyokitaja, bado linafundishwa katika semantiki, somo la maana. Wanafunzi wengi huliogopa somo hili. Mimi naona ndilo tamu kuliko yote.

Kwa anayetafuta mada, Kiswahili kimechunguzwa sana. Lugha nyingi za Tanzania bado hazijaguswa vya kutosha, ingawa mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa atlasi yake mwaka 2009. Kama bibi yako anazungumza mojawapo, mrekodi kabla hujaandika pendekezo la utafiti, kwa ridhaa yake. Watahini wataanza kwa kuuliza data ilitoka wapi.