Kazi ya diwani huanza kabla ya kikao

Wananchi wengi humpima diwani kwa sauti. Mimi ninayefundisha madiwani uendeshaji wa vikao hutazama kwanza kabrasha lake la nyaraka za kikao. La mmoja limepigwa mistari kwa kalamu, kona zimekunjwa, pembeni pameandikwa "zahanati yetu iko wapi?" La jirani yake kurasa bado zimegandana kama zilivyotoka kwenye mashine. Huyu wa pili atanyoosha mkono kupitisha bajeti asiyoijua, na hilo linaniuma.

Tuchukue boma la zahanati, jengo ambalo halijakamilika, lililoishia kwenye lenta. Wananchi walichanga matofali, wakasomba mchanga, sasa majani yanaota ndani. Diwani hawezi kumwamuru mhandisi alimalizie. Kwa Sheria za Serikali za Mitaa za Tanzania, Sura 287 kwa wilaya na Sura 288 kwa miji, mwenye mamlaka ni Baraza la Madiwani lililoketi kihalali, si diwani mmoja mmoja. Hoja yake hutoka kijijini, ikajadiliwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo yeye ndiye mwenyekiti na Mtendaji wa Kata ni katibu, kisha ikapanda halmashauri. Huko huchambuliwa kwenye kamati za kudumu, ikiwamo ya Fedha, Uongozi na Mipango, ndipo ifike Baraza. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, kwa hiyo anayeikumbuka zahanati mwezi Juni amechelewa.

Agenda ninayowasisitizia kuliko zote ni yatokanayo na kikao kilichopita. Wengi huipitia harakaharaka, na hapo ndipo maazimio hufia. Utakuta safu ya utekelezaji imeandikwa "unaendelea", robo hii, robo ijayo, na inayofuata. Diwani makini hasemi "tumechoka kudanganywa" kisha akaketi. Anauliza: fedha kiasi gani zimeshatoka? Fundi amepatikana? Bati zitapandishwa lini? Halafu anahakikisha majibu hayo yameingia kwenye muhtasari, kwa sababu muhtasari huo ndio atakaomkumbushia Mkurugenzi wa halmashauri, ambaye ndiye katibu wa Baraza, miezi mitatu baadaye.

Vivyo hivyo kwa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Asiridhike na jumla. Aombe orodha ya vikundi vya kata yake, vilivyopata na vilivyorejesha. Na likija jambo linalogusa zabuni au biashara yake mwenyewe, atamke maslahi yake mapema, asishiriki kuliamua.

Mikutano ya Baraza iko wazi kwa umma, na ile ya kawaida hufanyika kila robo mwaka. Nenda ukasikilize. Diwani akirudi, mwombeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji awasomee azimio lenyewe kuhusu zahanati, neno kwa neno, pamoja na tarehe ya utekelezaji.