Uliza siku ya kuacha kabla hujameza kidonge cha usingizi

Diazepamu, kidonge cha usingizi na cha kutuliza wasiwasi ambacho wengi tunakijua kwa jina la Valium, imo madukani tangu mwaka 1963, na hadi leo ni dawa nzuri. Humtoa mtu katika degedege, hulegeza misuli iliyokakamaa kwa pepopunda, humtuliza mgonjwa kabla ya kupasuliwa. Ndugu zake, yaani lorazepamu, klonazepamu na alprazolamu, nazo zina kazi zao. Aliyeandikiwa na daktari wake asiingiwe na hofu kwa haya ninayoyaandika. Ninaandika kwa sababu sisi wafamasia hapa Pemba tunakutana na watu wanaoikumbuka vizuri siku waliyoanza kumeza vidonge hivi, wala hakuna aliyewaambia siku ya kuacha.

Bibi mmoja alikuja dirishani na kipande cha pakiti kilichokatwa kwa mkasi, vidonge vimebaki viwili, jina la dawa nusu limekwenda na mkasi. "Mwanangu, nitafutie hizi, ndizo zinazonilaza." Alipewa na shoga yake siku za msiba wa mumewe. Eda alishaimaliza, na vidonge bado anavimeza, tena sasa viwili badala ya kimoja.

Shoga yake alimtakia kheri, hilo sina shaka nalo. Lakini ubongo una kemikali yake ya kujituliza, na vidonge hivi huizidishia nguvu. Baada ya wiki chache ubongo unazoea, kidonge kimoja hakilazi tena, mtu anaongeza cha pili. Ndiyo maana kwa wasiwasi na kukosa usingizi dawa hizi hupendekezwa kwa wiki 2 hadi 4 tu, na humo zimo siku za kupunguza. Ukiandikiwa, muulize daktari: naacha lini, na naacha vipi? Asipokwambia, tuulize sisi dirishani.

Na kuacha ghafla ni hatari kuliko kuendelea. Aliyezoea akikata siku moja, usingizi hupotea kuliko mwanzo, jasho linamtoka, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio. Aliyekuwa akimeza nyingi kwa muda mrefu anaweza kuanguka kifafa. Jamaa wakiona hivyo husema ana shetani, wakaanza kutafuta mganga. Kisomo msikiache, kinampa mtu utulivu, lakini mleteni hospitali siku hiyo hiyo. Dawa hupunguzwa kidogo kidogo, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10 ya kipimo kila baada ya wiki 2 hadi 4, chini ya uangalizi. Aliyemeza kwa miezi huhitaji miezi kutoka, na hilo si udhaifu wa imani wala wa tabia. Mwenye kifafa anayetumia klonazepamu au fenobabitoni ndiye kabisa asithubutu kukata mwenyewe.

Kwa wazee jambo hili linaniumiza zaidi. Miili yao hutoa dawa polepole. Nusu ya diazepamu aliyomeza mzee leo huenda ikawa bado imo mwilini keshokutwa na zaidi. Akimeza tena kesho, inarundikana. Mzee huyo anaamka alfajiri, anakwenda kutia udhu gizani, sakafu ina maji, kichwa kizito, mguu unateleza. Nyonga ikivunjika katika umri ule, wengi hawarudi kutembea kama zamani. Wanaomuangalia husema uzee umemfika, kumbe ni kidonge cha jana usiku.

Vijana nao wasijione wamesalimika, hasa msimu wa karafuu. Aliyemeza saa nne usiku anajiona mzima saa moja asubuhi, lakini wepesi wa mkono kushika tawi haujarudi wote. Anayetumia dawa hizi abaki chini achambue karafuu, wenziwe wapande. Vespa na bodaboda ni vivyo hivyo.

Hatari kubwa ya kufa imo katika kuchanganya. Vidonge vya usingizi pamoja na dawa za maumivu kama tramadoli na kodeini, au heroini au pombe, hupunguza pumzi mpaka zikatike, mtu amelala. Wenzetu walio katika tiba ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, iliyoanza Kidongo Chekundu kule Unguja mwaka 2015, wasimeze hata kimoja bila wahudumu wao wa kliniki kujua. Ukiulizwa dirishani kama unakunywa, sema kweli. Tunauliza kwa ajili ya pumzi zako, na jibu lako linabaki siri pale pale dirishani. Anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini aseme pia, na mjamzito vile vile.

Piriton na Phenergan, dawa za mafua na mzio, nazo hulevya usingizi. Wako wazazi wanaompa mtoto Phenergan apate kulala kwenye boti ya Unguja. Mtoto wa chini ya miaka 2 hapewi kabisa, kwani inaweza kumzuia kupumua.

Sasa, usingizi usipokuja, ufanye nini? Anza na kahawa. Kahawa ya barazani baada ya Isha ina raha yake, lakini saa tano baadaye kiasi cha nusu ya nguvu yake bado imo mwilini. Amka saa ile ile kila siku hata kama hukulala, na usingizi wa mchana ufupishe. Ikiwa ni wasiwasi au huzuni isiyoondoka, ziko dawa zinazoutibu ugonjwa wenyewe, kama fluoksetini, ila huchukua wiki 2 hadi 6 kuonesha kazi, na wengi huziacha wiki ya kwanza wakidhani hazifai. Vumilia, na umweleze daktari. Kuzungumza na mshauri nasaha nako ni tiba. Ramadhani ikikaribia, njoo mapema tupange saa za dawa, usije ukaruka za mchana kisha ukameza zote wakati wa futari.

Vidonge vilivyobaki visikae kabatini kusubiri msiba wa jirani. Virudisheni famasi.

Mkimkuta mtu amemeza vingi, au anaitwa haamki, au anapumua kwa shida, msimtapishe wala msimpe maziwa. Mlazeni kwa ubavu, mmoja asimuache, mwengine atafute gari mwende hospitali iliyo karibu, iwe Wete, Chake Chake au Mkoani, usiku huo huo. Chukueni na pakiti ya dawa, hata ikiwa tupu, ili daktari ajue alichomeza.